Faji Anavyoujua Mlango wa Bakteria

Kuhara damu ni ugonjwa wa tangu zamani, na popote askari wanapokusanyika penye maji mabaya, haukawii kufika. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, uliwashika askari Wafaransa huko Maisons-Laffitte, karibu na Paris. Félix d'Hérelle, wa Institut Pasteur, alipewa kazi ya kuuchunguza. Akatwaa choo cha wagonjwa, akakichanganya na maji, akakipitisha katika chujio la kaure lenye matundu madogo hata bakteria hawezi kupenya. Kisha maji yale aliyachanganya na bakteria wa kuhara damu walio hai. Chupa iliyokuwa na ukungu kwa wingi wa bakteria ikawa angavu kama maji ya kisima. Bakteria walikuwa wameyeyuka.

D'Hérelle alitangaza habari hiyo mwaka 1917. Alisema kwamba kuna kijidudu mdogo kuliko bakteria, naye anamla bakteria, akamwita bakteriofaji. Sisi tutasema faji tu. Ni haki kutaja kwamba Mwingereza Frederick Twort aliona jambo la namna hiyo mwaka 1915, lakini hakuendelea nalo.

Mwaka 1919 d'Hérelle alipeleka faji wake katika hospitali ya watoto mjini Paris. Kwanza akainywa dawa ile yeye mwenyewe pamoja na waganga wa hapo, wapate kujua kama haina sumu. Siku iliyofuata akapewa mtoto wa miaka 12 aliyezidiwa na kuhara damu, naye akapona. Watoto wengine watatu wakapona vilevile.

Basi kwa nini dawa hii haikuenea duniani kote? Ilienea kweli, ikauzwa katika chupa, lakini mara ilifanya maajabu, mara haikufanya lolote. Chupa nyingine zilitengenezwa vibaya, hilo halikanushwi. Lakini kulikuwa na sababu ya ndani zaidi: kila faji ana bakteria wake. Anayemwua huyu hamgusi yule, hata wakiwa ndugu wa karibu. Penisilini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940, watu wengi wakamsahau faji.

Msomaji atauliza: kiumbe asiye na jicho wala pua anamjuaje bakteria wake? D'Hérelle mwenyewe alikwisha kuona kwamba hatua ya kwanza ni kunata. Faji humnata bakteria anayemfaa. Kwa asiyemfaa hubaki akielea majini. Lakini hakuweza kumwona, maana faji ni mdogo mno kwa mikroskopi ya kawaida. Katika jamii inayoitwa T4, faji 5,000 wakipangwa mmoja nyuma ya mwingine hawapiti sana milimita moja.

Mwaka 1942 Salvador Luria na Thomas Anderson, huko Marekani, walitoa picha za mikroskopi ya elektroni. Faji alionekana ana kichwa na mkia, kama kiluwiluwi. Baadaye Anderson alivumbua njia ya kukausha vijidudu hawa bila kuwaponda, na hapo faji walionekana wananing'inia juu ya bakteria kwa mikia, vichwa vikiwa nje. Je, ni kitu gani kinachoingia?

Jibu lilitoka mwaka 1952, kwa Alfred Hershey na Martha Chase, huko Cold Spring Harbor. Faji ameumbwa kwa vitu viwili hasa: gamba la protini, na ndani ya kichwa uzi wa urithi uitwao ADN. Wao walitia alama ya mionzi, salfa kwa protini, fosfori kwa ADN. Wakawaacha faji wanate, kisha wakavuruga vyote kwa mashine ya jikoni ya kusagia vinywaji! Magamba yakang'oka, na salfa nyingi pamoja nayo. Fosfori nyingi ikabaki ndani ya bakteria. Na bakteria wale wakaendelea kuzaa faji wapya. Hershey alipata tuzo ya Nobel mwaka 1969 pamoja na Luria na Max Delbrück. Chase hakutajwa, jambo linalosikitisha.

Leo kazi ya T4 inajulikana vizuri. Ana miguu 6 mirefu, myembamba kama nyuzi, ambayo hupapasa ngozi ya bakteria. Mguu mmoja ukikuta protini au sukari inayopatana nao, hushika, lakini unaweza kuachia. Ikishika kadhaa, kitako cha mkia hubadilika umbo, miguu mifupi hutoka na kufunga, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ala ya mkia hujikunja hata kupungua nusu ya urefu wake, na bomba la ndani husukumwa kama sindano. Kwenye ncha yake mna kimeng'enya kinachotoboa ukuta wa bakteria. Ndipo ADN inapoteremka.

Faji wengine hawafanyi hivyo. Yule aitwaye lambda hutafuta mlango ambamo bakteria hupitishia sukari ya kimea.

Bakteria naye hakai akingoja kufa. Mwaka 1943 Luria na Delbrück walionyesha kwamba katika mamilioni ya bakteria huzaliwa wachache wasiodhurika, hata kabla ya kukutana na faji. Mara nyingi ni kwa sababu kitasa chao kimebadilika.

Jambo hilo lilionekana kitandani mwa mgonjwa mwaka 2016, huko San Diego. Mwalimu mmoja wa chuo kikuu alikuwa karibu kufa kwa bakteria walioshinda antibiotiki. Waganga walimpa faji waliopimwa kwanza na bakteria wake yeye mwenyewe. Akazinduka, lakini bakteria wakabadilika, faji wale wasiweze tena. Wakatafutwa wengine. Aliyefaa alipatikana katika maji machafu ya choo, naye akatumiwa pamoja na dawa nyingine hata mgonjwa akarudi nyumbani.