Mapinduzi ya Burundi ya 1993

Mapinduzi ya Burundi ya 1993 ni jaribio la wanajeshi la kutwaa madaraka lililoanza usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba mjini Bujumbura. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais, aliuawa miezi mitatu tu baada ya kuapishwa. Mwezi Juni alikuwa amemshinda Meja Pierre Buyoya, rais aliyekuwa madarakani, kwa takriban asilimia 65 ya kura, na Buyoya alikubali kushindwa. Jeshi, lililodhibitiwa na maofisa Watutsi, lilibaki lilivyokuwa.

Waasi waliwaua pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na naibu wake, Gilles Bimazubute. Pigo hilo ndilo zito zaidi kikatiba, kwani Spika ndiye aliyepaswa kukaimu urais. Waziri Mkuu Sylvie Kinigi alikimbilia ubalozi wa Ufaransa. Jaribio lilishindwa baada ya siku chache, lakini mauaji ya kikabila yalikwisha kusambaa, na maelfu ya wakimbizi wakavuka kuingia Tanzania. Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi mwaka 1996. Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha, yaliyoongozwa na Julius Nyerere kisha Nelson Mandela, yalizaa mkataba wa amani wa Agosti 2000.