Mtoto akikataliwa na fakilte aliyoitaka: namna ya kuchagua tena

Matokeo ya Mtihani wa Serikali yakitoka, mji mzima unajua. Vijana wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, pikipiki zinapiga honi, na Jumapili inayofuata wafinalisti wanaitwa mbele ya kanisa ili waombewe. Majuma kadhaa baadaye linatoka tangazo lingine lisilo na poda wala honi. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani mwa chuo kikuu, yenye majina ya waliopokelewa. Wale ambao majina yao hayamo wanarudi nyumbani peke yao, na hakuna anayewaita mbele.

Wapendwa, makala hii tumeiandika kwa ajili ya siku hiyo na majuma yanayoifuata. Kila mwaka wazazi wanatujia kuomba shauri, na mara nyingi wanakuja wakiwa wamechelewa: wamekwisha kulipa mahali pengine kwa haraka, kwa sababu ya haya, au wamekwisha kumpa mtu pesa. Tutasema zaidi juu ya udaktari, maana ndiyo fakilte ambayo vijana wa makusanyiko yetu wanaililia kuliko zote. Lakini mzazi wa kijana aliyetaka sheria au politekniki ataona ya kwake humu.

Uliza ni nini kilichokataliwa

Mtoto atasema neno moja tu: "Wamenikataa." Usiishie hapo. Kukataliwa kuna sababu mbalimbali, na kila sababu ina njia yake.

Diploma ya Serikali inapatikana kwa asilimia 50, lakini fakilte inaweza kuweka kiwango chake cha juu zaidi, na nyingine zinaongeza mtihani wa kuingia, ule tunaouita konkuri. Nyingine zinatazama seksio: aliyesoma kemia na biolojia hatazamwi sawa na aliyetoka biashara au pedagojia. Pengine nafasi zilijaa tu. Na pengine ni karatasi iliyokosekana.

Binti mmoja wa kusanyiko letu alikataliwa udaktari, na nyumbani kukawa kama msiba. Baba yake aliamini kwamba alama zilikuwa ndogo. Mjomba wake aliamini kwamba ni ukabila. Tulimwomba baba jambo moja, aende na mtoto hadi sekretariati ya fakilte waulize kwa heshima. Wakaambiwa kwamba buleti ya mwaka wa tano haikuwamo katika faili. Muda wa kuileta ulikuwa umepita, kwa hiyo jibu halikubadilika. Lakini walirudi nyumbani wakijua kwamba kilichokataliwa ni faili, si akili ya mtoto. Kwa miezi miwili msichana yule alikuwa amejiita mjinga.

Mkienda kuuliza, mwache mtoto aseme mwenyewe. Mzazi akae pembeni. Huyo ndiye atakayesoma, na atakuwa na sekretariati hizo kwa miaka mingi.

Mtu wa mlango wa nyuma

Atakuja. Atasema anamjua mtu ndani, na kwamba kwa dola kadhaa jina litaongezwa. Atasema hivyo kwa sauti ya upole, na pengine ni mtu wa kanisa.

Tuseme wazi: msimpe. Pesa hiyo haina risiti, na akipotea hamna pa kumshitaki bila kujishitaki ninyi wenyewe. Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya ni pale jina linapoongezwa kweli. Walioingia hivyo wanajulikana, na anayejulikana kwamba alinunua kuingia ataombwa kununua tena kwenye kila sesio. Tumewaona wazazi waliouza shamba kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili hawakuwa na shamba lingine la kuuza. Na mtoto anajua. Hata akifaulu somo kwa jasho lake, hana namna ya kuwa na hakika kwamba ni lake.

Ramani ya zamani

Wazazi wengi bado wanatembea na ramani ya chuo kikuu ya wazee wetu. Kati ya mwaka 1971 na 1981 nchi ilikuwa na chuo kikuu kimoja, UNAZA, chenye kampasi Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Kwa mtu wa Kivu au wa Ituri, kusoma kulimaanisha kusafiri mbali. Ndiyo maana hata leo baba anaweza kusema kwamba mtoto asipoenda mojawapo ya miji hiyo hajasoma. (Kisangani yenyewe, tukumbushane, ilianza mwaka 1963 kama chuo kikuu cha Waprotestanti kabla Serikali haijakichukua.)

Mashariki ya leo si ile. Goma ina chuo kikuu cha Serikali, UNIGOM, na ULPGL ambayo makanisa ya Kiprotestanti yaliianzisha mwaka 1985. Bukavu ina UOB ya Serikali, chuo kikuu cha Wakatoliki, na UEA yetu iliyoanza 1991, ambayo fakilte yake ya udaktari inafanya kazi pamoja na hospitali ya Panzi. Butembo kuna Graben. Bunia kuna Shalom, iliyozaliwa kutoka shule ya theolojia ya mwaka 1961. Kuna pia taasisi za juu ambazo watu wanazitaja kwa sauti ya chini kama vile ni aibu: ISP kwa walimu, ISDR kwa maendeleo ya vijijini, ISTM kwa uuguzi, maabara na kazi nyingine za afya. Sisi hatuoni aibu yoyote. Ukienda kituo cha afya cha kijijini usiku, anayekupokea ni nani? Kwa kawaida ni muuguzi.

Msichana tuliyemtaja alijiandikisha katika uuguzi, "kwa kungoja", kama alivyosema. Mwaka uliofuata faili yake ilikuwa kamili na angeweza kuomba udaktari tena. Hakuomba. Alisema amepata kazi anayoipenda, kazi ya kukaa karibu na mgonjwa. Baba yake hajafurahi mpaka leo, na hatutaki kuficha hilo.

Wengine wanarudi kwenye kile walichokitaka. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Bukavu, baada ya kupata diploma yake mwaka 1974 alikaa miaka miwili katika fakilte ya politekniki Kinshasa. Uinjinia haukuwa njia yake. Mwaka 1976 aliingia udaktari nchini Burundi, akamaliza 1983, akaanza kazi katika hospitali ya kanisa huko Lemera, na baadaye akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya wanawake. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Hatumtaji ili kila mtoto aote Nobel. Tunamtaja kwa sababu ya ile miaka miwili ya politekniki, ambayo wazazi wengi wetu wangeiita miaka iliyopotea.

Kabla ya kulipa hata faranga moja

Mkipata chuo kingine, ulizeni kwanza juu ya ruhusa ya Serikali, ile agrema. Chuo kinapaswa kuweza kuonyesha namba na tarehe ya amri iliyokiruhusu. Akijibiwa "iko njiani", mzazi ajue kwamba mtoto ndiye atakayekuwa njiani. Na msiulize juu ya chuo tu, ulizeni juu ya fakilte yenyewe. Chuo chenye ruhusa kinaweza kufungua fakilte mpya ambayo bado haina yake.

Kwa kazi za afya kuna swali la pili, nalo ndilo tunalopenda zaidi: waliomaliza hapo wameandikwa katika Orde ya waganga, au ya wauguzi, au ya wafamasia? Msiulize ofisini. Tafuteni mtu mmoja aliyemaliza na anayefanya kazi, mnywe naye chai. Atawaambia pia kama maabara ina vifaa au ina meza tu, kama maprofesa wanakuja au wanangojewa mwaka mzima, na staji zinafanyika wapi.

Elewaneni pia juu ya miaka. Katika mpango mpya wa LMD, lisansi ni miaka mitatu, yaani kredi 180, na masta ni miaka miwili, kredi 120. Neno "lisansi" limekuwa mtego kwa wazazi: ile ya zamani ilikuja baada ya miaka mitano, hii ya sasa baada ya mitatu. Udaktari unabaki mrefu kuliko hizo zote. Na kama mtoto anaanza fakilte moja akitumaini kuhamia nyingine, ulizeni mapema, tena kwa maandishi, ni kredi gani zitakazopokelewa kule aendako.

Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania ziko karibu, na familia nyingi za mpakani zinazitazama. Si vibaya. Lakini diploma yetu ya Serikali inabidi ilinganishwe kwanza na mamlaka ya elimu ya nchi hiyo, na cheti cha kule kitahitaji ekivalansi mtoto akirudi kutafuta kazi huku. Lugha nayo inakula muda. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa tangu utoto asitupwe katika udaktari wa Kiingereza bila miezi ya kujifunza lugha yenyewe.

Hesabu hadi mwaka wa mwisho

Hapa ndipo tumeona machozi mengi zaidi. Familia inakusanya minervali ya mwaka wa kwanza, kanisa linatoa sadaka, na watu wote wanapumua. Chukueni karatasi, mwandike hadi mwaka wa mwisho: minervali, malipo ya kujiandikisha kwa kila sesio, silabusi na fotokopi, staji, kazi ya mwisho na kuitetea, chumba, chakula, usafiri, blauzi nyeupe. Mengi ya haya yanaombwa kwa dola, na mshahara wa mwalimu unakuja kwa faranga. Yule aliyetaka kujenga mnara katika Injili ya Luka alikaa kwanza chini akahesabu, na mnara haukuwa na staji.

Kisha ulizeni: baba akiugua, nani ataendelea? Wadogo zake watasoma kwa nini? Mtoto mwenyewe awepo kwenye hesabu hiyo. Tumeshangaa mara nyingi kuona kijana wa miaka 18, akiona karatasi ile, anapendekeza mwenyewe njia ambayo wazazi hawakuthubutu kuitaja.

Na vita viingie kwenye hesabu. Mapigano yalipofika Goma mwezi wa Januari 2025 na Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga, na wazazi wa mbali walitafuta namna ya kuwafikishia watoto pesa za chakula. Kuchagua mji ni pia kuchagua barabara, na mtu mmoja mwenye mlango ambao mtoto anaweza kuubisha usiku. Kama kule hakuna hata nyumba moja ya ndugu au ya muumini, tunaona hilo ni sababu ya kutosha ya kuchagua mji mwingine.

Mwaka wa kungoja

Kungoja mwaka mmoja na kuomba tena si kushindwa, kama kuna tarehe na kazi. Tarehe: siku ya konkuri ijayo, iliyoandikwa ukutani. Kazi: kurudia kemia na fizikia pamoja na yaya aliyekwisha kuingia fakilte, kujifunza kompyuta, kusaidia katika kituo cha afya akiona damu na usiku kabla hajaapa kwamba anapenda udaktari. Bila hayo mwaka unakuwa miwili, na ya pili haina mlango.

Kwa msichana kuna hatari ambayo wanaume wa kanisa hawapendi kuisikia. Akikaa nyumbani mwaka mmoja, wageni wa mahari wanaanza kuja, na pesa zake za shule zinahamia kwa kaka yake "kwa muda". Kama familia inakubali angoje, ikubaliane mbele ya shahidi, shangazi au Mama Mchungaji, kwamba fungu lake haliguswi.

Wachungaji na wazee, tuna ombi moja kwenu. Mnapowaita waliofaulu mbele, msitangaze fakilte ya kila mmoja. Mtoto aliyetangazwa mwezi wa Agosti kama "daktari wetu" hawezi kurudi mwezi wa Novemba akiwa mwanafunzi wa kilimo bila kuona uso wa kila mtu. Mmoja alihama kanisa kwa ajili hiyo. Afadhali mzee mmoja aende nyumbani kwao jioni, akae, asitoe shauri siku hiyo.

Kuhusu karatasi: diploma au atestasyo ya Mtihani wa Serikali isiachwe katika ofisi yoyote. Wapeni nakala zilizothibitishwa, shikeni ile ya asili, na andikeni katika daftari mlipeleka nini, wapi, siku gani, na nani aliyepokea. Buleti za mwaka wa tano na wa sita ziombeni shuleni sasa, kabla prefe hajabadilishwa.