Utabiri wa misimu huanzia vilindini mwa bahari

UTABIRI wa mvua za miezi ijayo hautegemei sana mawingu yanayoonekana leo, bali joto lililohifadhiwa baharini. Mwenendo wa kila siku wa angahewa hautabiriki kwa zaidi ya wiki mbili hivi, lakini bahari hutunza joto kwa miezi na hata miaka.

Kwa sababu hiyo, vituo vya utabiri hutumia modeli za kompyuta zinazounganisha bahari na angahewa. Kabla ya kuanza hesabu, modeli haina budi kupewa hali ya awali, yaani joto, chumvi na mikondo ya bahari kuanzia juu hadi vilindini.

Hata hivyo, bahari haipimiki kila mahali. Hivyo modeli hutangulia kukadiria, kisha makadirio hurekebishwa kwa vipimo vilivyopatikana, kila upande ukipewa uzito kulingana na makosa yanayotarajiwa.

El Niño kali ya mwaka 1982 na 1983 iliwashtukiza wataalamu kwa kuwa vipimo vilikuwa haba. Baada ya hapo, mpango wa kimataifa wa TOGA wa mwaka 1985 hadi 1994 uliweka maboya yapatayo 70 katika Pasifiki ya Ikweta, yanayopima joto hadi mita 500. Mapema mwaka 1997 maboya hayo yalionyesha maji ya joto yakisogea mashariki chini ya uso wa bahari. Baadhi ya modeli ziliashiria El Niño, ingawa nyingi hazikukisia ukali wake. Mwishoni mwa mwaka huo, mafuriko yaliikumba Afrika Mashariki.

Tangu mwaka 2007, vyombo vya Argo vinavyoelea baharini vimezidi 3,000. Kwa kawaida, kila siku kumi chombo hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda kikipima joto na chumvi, na kutuma matokeo kwa setilaiti. Katika Bahari ya Hindi, ambayo joto lake huathiri mvua za vuli, maboya ya RAMA yalianza kuwekwa mwaka 2004.

Pamoja na vipimo hivyo, modeli huwa na kasoro zake. Ikiwa bahari yake huelekea kuwa baridi kuliko ilivyo, itarudi huko taratibu baada ya kuanza. Wataalamu hupima kosa hilo kwa kurudia utabiri wa miaka iliyopita, kisha huliondoa. Aidha, hesabu hurudiwa mara nyingi kwa hali za awali zinazotofautiana kidogo. Ndiyo maana utabiri hutolewa kwa uwezekano.

Vipimo hivyo vinahitaji fedha na meli. Matengenezo ya maboya ya Pasifiki yalipopungua kuanzia mwaka 2012, takwimu zilizopatikana zilishuka hadi takriban asilimia 40 kufikia mapema mwaka 2014, kabla ya matengenezo kuongezwa tena. Mkulima anayesubiri kujua apande lini huenda asiyaone maboya hayo kamwe, lakini utabiri anaousikia redioni huanzia huko.