Vituko vya kamera na watu walioviandika

Agosti 2004, kamera za Philips nusura zipofuke ndani ya Linux. Kiendeshi chao, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kamera, kiliitwa pwc na kilikuwa na sehemu mbili: moja wazi kwa yeyote kuisoma, nyingine imefungwa, kwa sababu mwandishi wake, aliyejiita Nemosoft Unv., alisaini mkataba wa siri na kampuni. Bila sehemu ya siri ulipata picha ndogo tu. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa kerneli, kiini cha Linux, akaondoa kiungo kilichoziunganisha. Nemosoft akasusa, akataka kazi yake yote itolewe. Kabla mwaka haujaisha, Luc Saillard alikuwa amekwisha kuichambua ile siri, akajua kamera inavyobana picha, na kiendeshi kikafufuka.

Desemba ya mwaka huohuo, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo huonekana kwenye kioo. Ya kiendeshi hugunduliwa siku ikikosekana. Chukua shule kama Sekondari ya Chidya, ile kongwe iliyokuwa ya misheni ya Kianglikana ya UMCA wilayani Masasi: ikiletewa kompyuta za mtumba na kamera za kila namna, CD za kiwandani zilishapotea zamani, tegemeo ni kwamba kuna mtu mahali fulani aliihangaikia kamera ya aina hiyohiyo.

Michel Xhaard alihangaikia zaidi ya aina 200. Alikuwa daktari wa tiba huko Ufaransa, na viendeshi aliviandika kwa kujitolea. Jean-François Moine aliisuka upya kazi hiyo, gspca, ikaingia kwenye kerneli 2.6.27 mwezi Oktoba 2008.

Wakati huo dawa ilionekana imepatikana. Kanuni ya UVC ya mwaka 2003 iliweka lugha moja kwa kamera zote za USB, ili kiendeshi kimoja kitoshe. Kile cha Laurent Pinchart, uvcvideo, kilipokelewa Julai 2008 katika toleo 2.6.26. Viwanda vikasema vinafuata kanuni, lakini kamera zikasema vingine. Nyingine ukiiuliza viwango vya chini na vya juu vya mipangilio yake ya video inachanganyikiwa, hivyo kiendeshi kinaacha kuuliza. Nyingine haibadilishi alama ya kutenganisha picha moja na inayofuata. Katika baadhi ya kompyuta mpakato, hasa za Asus, kamera ilifungwa kichwa chini miguu juu! Hans de Goede akaziorodhesha katika maktaba yake ya programu, libv4l, ambayo huipindua picha kabla hujaiona.

Kwa maoni yangu orodha hizo za vituko ndizo historia yenyewe: kila mstari ni kosa la kiwanda lililolipiwa na mtu asiye mwajiriwa wake.

Kituko kinachowasumbua mafundi hadi leo ni uroho. Kamera huomba nafasi kubwa kuliko inayohitaji kwenye njia ya USB, na ukichomeka ya pili inakosa pa kupita. Tiba ipo ndani ya uvcvideo: kipakie kwa agizo quirks=128, nacho kitapuuza ombi la kamera na kupiga hesabu ya nafasi chenyewe. Husaidia kwa picha zisizobanwa tu.