Ndoa kama kazi ya mwanamke katika pwani ya Waswahili

Katika miji ya Waswahili, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, Unguja na Bagamoyo, ndoa ilihesabiwa kwa muda mrefu, na hasa katika karne ya 19, kuwa ndiyo kazi ya maisha ya mwanamke wa kiungwana, yaani mwanamke huru mwenye nasaba inayojulikana. Ilikuwa na mafunzo yake na walimu wake, malipo yaliyotajwa mbele ya mashahidi, na taratibu za kuivunja, hivyo anayeitazama kwa upande wa utii peke yake, kama walivyofanya wageni wengi walioiandika, hupitwa na nusu ya habari.

Mafunzo yalianza msichana alipovunja ungo. Wazazi walimkabidhi kwa somo, mwanamke mtu mzima wa kuaminika, ambaye alimfundisha twahara, adabu za kukaa na mume na mambo ya faragha ambayo mama mzazi aliona haya kuyataja. Wengine walifundwa katika unyago, sherehe ya ngoma na nyimbo iliyoongozwa na kungwi, na kungwi ndiye aliyemwingiza bibi harusi chumbani na kumhudumia katika fungate, siku saba za mwanzo ambazo maarusi hukaa ndani. Uhusiano huo haukuishia harusini, kwani ndoa ilipotetereka, mwali alirudi kwa aliyemfunda kutaka shauri.

Andiko mashuhuri kuliko yote juu ya jambo hili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyempinga Sayyid Said wa Unguja. Akiwa mgonjwa, alimwachia binti yake, Mwana Hashima, wasia unaomtaka apate radhi za watano, ambao ni Mungu, Mtume, baba, mama na mume, kisha unashuka hadi vitu vidogo kabisa vya kila siku: mume alalapo asiamshwe wala kupigiwa kelele, apepewe na kukandwa, nyumba ifukizwe udi, mke ajipambe wala asitoke bila ruhusa. Wasomaji wa leo huuona utendi huu kuwa sauti ya unyonge, na hawakosei kuona ukali wa masharti yake. Hata hivyo ni maneno ya mwanamke msomi aliyeujua ulimwengu wake, na kila sharti analolitaja ni ujuzi anaourithisha kwa mtoto ambaye hakuwa na njia nyingine ya kujihifadhi.

Malipo ya kazi hiyo yalipangwa kwa sheria ya Kiislamu ya madhehebu ya Shafii na kwa mila. Mahari yalikuwa mali ya mke mwenyewe, naye mume alibeba nafaka, yaani chakula, mavazi na makazi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli cha mwaka 1903, ameeleza kwa kirefu taratibu za posa na harusi za pwani. Kando ya mahari palikuwa na kilemba cha baba na mkaja wa mama, unaokumbusha nguo aliyojifunga tumboni baada ya kuzaa. Palikuwa pia na zawadi zilizoitwa kiosha miguu na kipa mkono. Mali ambayo mke aliileta au kuirithi ilibaki yake, na huko Lamu familia kubwa zilimpa binti nyumba ya mawe, mume akahamia kwake. Inafaa kukumbukwa kwamba Uingereza, iliyokuja kuitawala pwani hiyo, ilimpa mwanamke aliyeolewa haki kamili ya kumiliki mali yake mwaka 1882 tu.

Haki hizo zilikuwa na mipaka mizito. Baba aliweza kumwoza bintiye mwanamwali bila kumuuliza, na mume asiyekuwa kufu, yaani asiyelingana naye kwa nasaba, hakukubaliwa. Mume aliacha kwa tamko, ilhali mke aliyetaka kutoka ilimbidi aende kwa kadhi au ajikomboe kwa kurudisha mahari. Talaka zilikuwa nyingi, na mwanamke aliyekwisha kukaa eda aliweza kuchagua mume wa pili kwa uhuru zaidi kuliko wa kwanza.

Jambo linalosemwa kwa uchache mno ni kwamba mke huyu wa udi na mapambo alisimama juu ya migongo ya wanawake wengine. Mwana Kupona mwenyewe anamwonya bintiye asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi, kwa maana waliochota maji, kutwanga na kupika walikuwa wajakazi, na wengine wao walikuwa masuria wa mume huyohuyo. Amri ya Unguja ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa iliwaacha masuria nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ilifuta hadhi hiyo mwaka 1907. Utumwa ulipokwisha, kwa familia nyingi za kiungwana kazi za jikoni zilimwangukia mke, naye akaongeza kushona kofia au kupika vitumbua vya kuuza ili kuziba pengo la mapato. Shule ya serikali ya wasichana iliyofunguliwa Unguja mwaka 1927 nayo ilifundisha kushona na kutunza nyumba pamoja na kusoma, kwa kuwa wazazi walitaka mke bora kabla ya karani.

Swali la thamani ya kazi hiyo ya mke lilifika baadaye mahakamani. Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, bila kutamka kama kupika na kulea ni juhudi, na majaji wakatofautiana. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali hiyo. Lakini mwanamke aliyeleta shauri hakuambulia kitu, kwa sababu mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe za kuendeshea biashara, ambazo alizitapanya, zilitosha kuwa fungu lake.