Kuikimbiza kadi ya michoro: mchezo ulioanzia kwenye fuwele

Kabla kadi za michoro hazijawa na feni tatu na taa za rangi, aliyetaka kompyuta yake ikimbie kuliko ilivyopangwa kiwandani alishika bisibisi. IBM PC AT ya mwaka 1984 ilikwenda kwa megahezi 6, ikifuata mapigo ya fuwele ya megahezi 12 iliyopachikwa ndani. Wajanja waliing'oa, wakaweka ya 16, mashine ikapanda hadi 8. IBM haikufurahi: matoleo yaliyofuata yaliwekewa ukaguzi wa mwendo, na ukizidisha, kompyuta inagoma.

Lakini kwa nini chipu ikubali kuzidishiwa? Kwa sababu namba inayouziwa ni ile ambayo hata iliyo dhaifu katika kundi lake itaimudu. Iliyo imara huuzwa kwa namba hiyo hiyo. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A kwa dola 149. Ukiipandisha njia yake ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, zile 300 zinakuwa 450, mwendo wa Pentium II ya dola 669. Nani angelala?

Homa hiyo ikaingia kwenye kadi za michoro. Mrusi Alexey Nicolaychuk aliandika RivaTuner, programu iliyopewa jina la chipu za Riva za Nvidia, na bisibisi ikarudi kabatini. Kasi sasa inapandishwa kwa kipanya. MSI Afterburner inayotumika leo imejengwa juu ya msingi huo.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Radeon 9500 ya mwaka 2002. ATI ilikuwa imezima nusu ya njia zake za kuchora, na watu wakagundua kuwa programu inaweza kuziwasha. Waliobahatika walijipatia karibu Radeon 9700 bila kuongeza senti. Wengine waliwasha, skrini ikajaa viraka kama ubao wa drafti: nusu ile ilizimwa kwa kuwa ilikuwa mbovu kweli. Boksi halikukuambia umenunua ipi.

Adui wa wote ni joto. Machi 2010 Nvidia ililazimika kuondoa draiva yake ya 196.75 kwa sababu ilivuruga feni, na kadi zikachemka hata kwa watu ambao hawakuwa wameongeza chochote.

Kisha mwaka 2012 GeForce GTX 680 ikaja na GPU Boost. Kadi inapima joto na umeme wake, na nafasi ikiwepo inajipandisha yenyewe kutoka megahezi 1006 hadi 1058 hivi. Kazi ya fundi imechukuliwa na kadi, na aliyebaki na kipanya anaokota masalia.

Ukitaka kuyaokota, volti ziache zilivyo. Ongeza megahezi 15, cheza nusu saa, angalia joto. Ukiona vidoti au gemu likijifunga, rudi nyuma. Kumbukumbu za GDDR5 ni za hila zaidi: zikikosea hurudia kazi kimyakimya, hivyo picha inabaki safi huku mwendo ukishuka. Na kabla ya yote hayo, zima kompyuta, fungua kasha, upulize vumbi kwenye feni. Kadi iliyopoa hujiongezea yenyewe.