Msimbo wetu ukae wapi? Historia fupi nikiwa Mikinduri

Leo swali ni moja: programu huria iwekwe wapi ili watu wengi waijenge pamoja? Nikitazama kutoka huku Mikinduri, naona mambo mawili yameamua siku zote: hali ya mtandao, na seva ni ya nani.

SourceForge ilianza Novemba 1999. Ilitoa bure nafasi ya msimbo, orodha ya hitilafu na barua pepe za kikundi. Lakini CVS, na baadaye Subversion, ziliweka historia yote kwenye seva moja. Kuhifadhi badiliko dogo kulihitaji mtandao. Nasi Kenya tulitegemea setilaiti, ghali na ya kusuasua, mpaka kebo za baharini zilipoanza kazi mwaka 2009.

Aprili 2005, wajenzi wa Linux walipopoteza leseni ya bure ya BitKeeper, Linus Torvalds aliandika Git. Hapa kila anayenakili mradi hupata historia nzima. Mtandao ukipotea, unaendelea kuhifadhi. Ukirudi, unatuma yote kwa mpigo. Git haikutengenezwa kwa ajili yetu, lakini ilitufaa kuliko wengi.

GitHub ilifunguliwa 2008 juu ya Git hiyo. Leo utakuta humo msimbo wa Ushahidi, iliyozaliwa Kenya Januari 2008, na wa OpenMRS, ambayo mizizi yake imefika Eldoret.

Basi tumemaliza? La hasha. Google Code ilianza 2006 ikafungwa Januari 2016. Julai 2019 GitHub, ikifuata vikwazo vya Marekani, ilibana akaunti za watu wa Iran, Syria na Crimea. Wairani walifunguliwa Januari 2021.

Msimbo una nakala kwa kila mjenzi. Taarifa za hitilafu na mijadala hazina. Hubaki kwa mwenye seva. Na humo ndimo mna sababu za kila uamuzi. Mradi ukizipoteza, anayekuja kesho ataanza kukisia.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi: GitHub, kwa kuwa watu wako huko, nakala ya pili ya msimbo kwenye seva nyingine, na kila mwisho wa mwezi napakua hitilafu na mijadala yote. Mwenye nyumba anaweza kubadilika. Wewe weka vyombo tayari.